Mashauri ya Motokaa: Difu ya Nyuma, Tuitengeneze au Tuibadili?

Ndugu wasomaji, juma hili nataka tuzungumze habari za chombo ambacho wenye magari wengi hawakifikirii mpaka siku kinapowaangusha njiani. Chombo hicho ni difu ya nyuma. Kimefichwa chini ya gari, kimepakwa matope nje na kujaa mafuta mazito ndani, wala hakina taa wala mshale wa kumwonya dereva. Lakini nguvu yote ya injini, kabla haijafika kwenye magurudumu ya nyuma, hapana budi ipite humo.

Sababu ya kuchagua habari hii ni swali nililoletewa na msomaji mmoja wa Kinangop. Yeye na jirani zake watatu wana Land Rover moja ya zamani, aina ya Series III. Magari hayo yalitengenezwa Uingereza tangu 1971 mpaka 1985, lakini mengi yangali yakifanya kazi katika mashamba yetu. Gari lao huchukua maziwa asubuhi, na viazi siku za soko. Sasa difu ya nyuma imeanza kunguruma. Fundi mmoja amewashauri waitupe, watie difu ya Range Rover, kwani gari litapata mbio na kunywa mafuta kidogo, na kazi yote itakwisha kwa siku moja. Fedha walizo nazo ni akiba ya watu wanne, na karo za shule zakaribia. Wanauliza: watengeneze au wabadili?

Naona swali hili si la watu wanne tu, kwa hiyo nitalijibu mbele ya wasomaji wote.

KAZI YA DIFU

Difu ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kugeuza mzunguko wa propela shafti uende kwenye magurudumu, na kuupunguza mwendo ili uwe na nguvu. Katika Land Rover za Series, gia ndogo iitwayo pinioni ina meno 10, na gia kubwa iitwayo kraunwili ina meno 47. Maana yake, propela shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Basi mafundi wakisema "difu ya 4.7", hesabu yao ni hiyo.

Kazi ya pili ni kuyaruhusu magurudumu mawili yaende kwa mwendo usio sawa gari linapopiga kona. Watazameni askari wa gwaride wanapogeuka: yule wa ndani hukanyaga karibu pale pale, na yule wa nje hupiga hatua ndefu. Magurudumu nayo ni vivyo hivyo. Kama yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingeburuzwa katika kila kona, mipira ikaisha na vyuma vikavunjika. Mfaransa aitwaye Onésiphore Pecqueur alipata hati ya uvumbuzi wa difu ya gari mwaka 1827, miaka mingi kabla ya motokaa za petroli kuonekana duniani. Ndani ya difu mna gia ndogo ndogo zinazogawa nguvu kwa pande zote mbili, na hizo ndizo zinazoleta uhuru huo.

Uhuru huo una hasara yake. Gurudumu moja likiingia katika utelezi, huzunguka bure, na lile lililo mahali pakavu hubaki limesimama. Wakulima wa nchi zenye udongo mweusi wanaijua vizuri taabu hiyo wakati wa masika.

SIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Mtu mwenye busara hafungui difu kwa kusikia kelele tu. Kwanza huuliza: kelele hii yatoka lini?

Ikiwa difu yalia kama nyuki dereva akikanyaga mafuta, kisha yanyamaza au yabadili sauti akiachia, shaka ya kwanza iwe juu ya meno ya kraunwili na pinioni, au namna yalivyopangwa. Ikiwa yanguruma wakati wote, na ngurumo yazidi kadiri gari linavyozidi mwendo, yaelekea beringi zimekwisha, ama za pinioni, ama za kraunwili, ama hata za gurudumu. Kelele ikitoka katika kona peke yake, tazama zile gia ndogo za ndani. Na kikisikika kishindo cha chuma, "ko!", kila dereva anapoachia klachi au kubadili gia, huenda difu haina kosa lolote. Mara nyingi kishindo hicho hutoka katika viungo vya propela shafti, au katika mifereji ya hafushafti iliyolika.

Baada ya kusikiliza, tazama mafuta. Difu ya kawaida ya Land Rover hizi huchukua lita 1.75 za mafuta ya gia ya namba 90 yenye alama EP. Fungua nati ya chini, uyapokee katika karai safi. Mafuta meupe kama chai ya maziwa ni dalili ya kwamba maji yameingia. Jambo hili huwapata wanaovuka mito, kwa maana ekseli yenye moto ikitumbukia katika maji baridi, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Ukiona vumbi la chuma laini kidogo, hilo ni la kawaida katika gari kuukuu. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, usiliendeshe gari tena.

Tazama pia kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Matope yakikiziba, joto husukuma mafuta nje kupitia kwenye sili, nayo huweza kufika kwenye breki. Watu wengi wamenunua sili mpya mara mbili na tatu, na kumbe dawa ilikuwa kusafisha kitundu hicho kwa kipande cha waya.

HATARI YA KUPOTEZA MAISHA

Hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo. Katika Land Rover za Series, breki ya mkono haishiki magurudumu ya nyuma kama katika magari mengine. Hushika propela shafti, nyuma ya sanduku la gia. Kwa hiyo, mara fundi anapofungua propela shafti ya nyuma au anapochomoa hafushafti, breki ya mkono haizuii kitu chochote kule nyuma. Tena, hata kabla ya kufungua, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu yenyewe hulipa uhuru gurudumu lile, na lenzake lililo chini laweza kuanza kuzunguka. Hapo gari huondoka, na mtu yumo chini yake.

Basi liwekeni gari mahali tambarare. Zuieni magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa au vipande vya mti, mbele na nyuma yake. Mkiisha kuinua ekseli, itegemezeni juu ya stendi za chuma zilizo imara, si juu ya jeki peke yake, wala si juu ya matofali. Fundi asiyetaka kufanya hivyo kwa kuwa ana haraka, mwambieni arudi nyumbani. Difu hununuliwa, mtu hanunuliwi.

KRAUNWILI NA PINIONI NI MUME NA MKE

Gia hizi mbili hazitengenezwi kila moja peke yake na kukutanishwa dukani. Husagwa pamoja kiwandani mpaka meno ya moja yakubaliane na meno ya nyingine, kisha huchorwa namba moja zote mbili. Kwa sababu hiyo, mtu asichukue pinioni ya difu hii na kraunwili ya difu ile, hata zikiwa na hesabu moja ya meno. Zitalia tangu siku ya kwanza, na baada ya muda zitakulana. Unaponunua, geuza zote mbili na usome namba. Zisipolingana, rudisha, hata kama muuzaji ataapa.

Kuzipanga nako ni kazi ya vipimo. Pinioni hukaa mahali pake kwa msaada wa vipande vyembamba vya chuma viitwavyo shimu, vinavyoisogeza ndani au nje. Kati ya meno ya kraunwili na meno ya pinioni lazima ibaki nafasi ndogo. Katika difu hizi nafasi hiyo ni milimita 0.20 mpaka 0.25, nayo hupimwa kwa geji yenye mshale. Nafasi ikizidi, meno hugongana. Ikipungua, hubanana na kupata moto. Fundi asemaye kwamba yeye hupima kwa kutikisa kwa mkono anacheza na fedha zako.

Kuna jaribio moja ambalo hata mwenye gari asiye fundi aweza kulitazama. Fundi hupaka rangi nyembamba katika meno machache ya kraunwili, kisha huizungusha huku na huku. Alama ya kukutana kwa meno huonekana. Alama ikiwa katikati ya jino, kazi ni njema. Ikiwa ukingoni kabisa, au kwenye shina la jino, kazi haijaisha. Mwombe fundi akuonyeshe alama hiyo kabla ya kufunga difu. Fundi mwenye ujuzi hufurahi kuionyesha kazi yake.

Lakini habari njema ni hii: difu nyingi zinazonguruma hazina ubaya wa meno. Beringi na sili ndizo zilizokwisha. Meno yakiwa mazima, yasiyo na vishimo wala pembe zilizovunjika, yaachwe kama yalivyo, zitiwe beringi mpya, na shimu zitunzwe mahali pamoja kila moja na upande wake. Vipimo vyote vipimwe upya, maana beringi mpya huweza kutofautiana kidogo na za zamani.

KUBADILI GIA: FAIDA NA HASARA

Sasa twende kwenye shauri la kutia difu ya Range Rover. Difu hiyo, iliyokuja na gari lenyewe mwaka 1970, ina meno 13 katika pinioni na 46 katika kraunwili. Hesabu yake ni 3.54. Na ni kweli kwamba difu nyingi za aina hiyo zaweza kuingia katika ekseli ya kawaida ya Land Rover, kwa kuwa umbo la nje ni lile lile. Fundi hakusema uongo. Lakini hakusema yote.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Gawa 4.7 kwa 3.54, utapata karibu 1.33. Yaani kwa mzunguko ule ule wa injini, gari lililokuwa likienda kilomita 60 kwa saa sasa litakwenda karibu 80. Mbio zimeongezeka kwa theluthi moja. Lakini gawa 3.54 kwa 4.7, utapata karibu 0.75. Nguvu ya kuvuta inayofika kwenye magurudumu imepungua kwa robo nzima. Difu haina ghala ya nguvu ndani yake. Ikikupa mbio, imezitoa katika nguvu. Ikikupa nguvu, imezitoa katika mbio.

Kwa mtu mwenye injini ya nguvu nyingi, asiyebeba mizigo mizito, na ambaye safari zake nyingi ni za lami iliyonyooka, biashara hii yaweza kumfaa. Lakini kwa gari lenye injini yake ya asili ya dizeli, ambayo ni ya nguvu ya farasi 62 tu, likiwa limejaa viazi na likipanda vilima vya Kinangop katika matope, kupoteza robo ya nguvu ni jambo kubwa. Dereva atarudi gia ya tatu pale alipokuwa akipita kwa gia ya nne, na ile faida ya mafuta itayeyuka. Kila akiondoka kilimani itampasa aiumize klachi. Baada ya muda atanunua klachi, na gharama hiyo hakuitia katika hesabu yake ya kwanza.

Yako mambo mengine manne ambayo fundi hakuyataja.

La kwanza, difu ya mbele nayo lazima ibadilishwe. Ikiwa ya nyuma ni 3.54 na ya mbele ni 4.7, gari litakwenda vizuri kwa magurudumu mawili. Lakini siku mtakapoingiza magurudumu manne, ekseli mbili zitashindana, moja ikitaka kwenda na nyingine ikiivuta nyuma, mpaka chuma fulani kikatike. Basi gharama ni ya difu mbili, si moja.

La pili, spidometa ya gari hili huendeshwa kutoka kwenye sanduku la gia, haijui lolote juu ya difu. Itaonyesha 60 hali gari laenda 80. Askari wa barabarani hatakubali udhuru huo, wala kona ya mlimani haitaukubali.

La tatu, breki za magari haya ni za ngoma kwa magurudumu yote, nazo ziliundwa kwa gari la mwendo wa pole. Anayeongeza mbio bila kutazama breki ametazama nusu ya safari. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

La nne, lazima kujua kwanza gari lina ekseli gani. Land Rover ndefu, zile za inchi 109, nyingi katika Series III zina ekseli ya nyuma ya aina iitwayo Salisbury. Inama utazame nyuma ya difu: ukiona kifuniko cha chuma kilichofungwa kwa bolti, hiyo ni Salisbury. Difu yake imejengwa ndani ya ekseli, haitoki kama kifurushi, na difu ya Range Rover haiwezi kuingia humo. Nayo huchukua lita 2.5 za mafuta, si 1.75. Kwa bahati njema, ekseli hiyo ni imara sana kuliko nyingine. Gari fupi la inchi 88 lina ekseli ya kawaida, ambayo difu yake hutolewa kwa upande wa mbele baada ya kuchomoa hafushafti na kufungua propela.

Na mwenye gari fupi anayetaka kubadili, ahesabu mifereji ya hafushafti zake kabla ya kutoa fedha. Za Series zina mifereji 10, lakini difu nyingi za miaka ya baadaye zilitengenezwa kwa mifereji 24, na hizo mbili hazikubaliani. Atazame pia ile sahani inayofungiwa propela, kwa sababu matundu yake hayalingani.

NYONGEZA ZINAZOFAA

Nisieleweke kwamba kila badiliko ni baya. Difu nyingi za kawaida za magari haya zina gia ndogo mbili tu katikati, na hapo ndipo udhaifu wao ulipo. Yako matumbo ya difu yenye gia ndogo nne, yanayobeba mzigo vizuri zaidi na kuacha hesabu ya 4.7 ilivyo. Hafushafti za chuma bora nazo ni nyongeza ya maana, kwa kuwa katika ekseli ya kawaida ndizo huvunjika kwanza. Hafushafti ya nyuma ikikatika njiani, gari halisogei. Lakini dereva akiingiza magurudumu manne, ya mbele yaweza kumfikisha nyumbani polepole. Hiyo ni njia ya kujiokoa, si dawa.

Anayetaka mwendo wa lami bila kupoteza nguvu ya shambani aweza kutafuta gia ya nyongeza iitwayo ovadraivu, ifungwayo nyuma ya sanduku la gia. Huingizwa barabara ikiwa nyofu, na kutolewa mlimani. Bei yake si ndogo, lakini haimnyang'anyi mtu nguvu aliyokuwa nayo.

SHAURI LANGU

Kwa wale ndugu wanne wa Kinangop nasema hivi. Kwanza mtazame ni ekseli gani, na mchunguze mafuta na kitundu cha kupumulia. Pili, difu ifunguliwe mbele ya mmoja wenu, na meno yatazamwe katika mwanga wa jua. Meno yakiwa mazima, nunueni beringi na sili, mlipe fundi mwenye geji, na fedha zinazobaki ziende shuleni kwa watoto. Meno yakiwa mabovu, tafuteni kraunwili na pinioni za 4.7 zenye namba moja, au difu kamili iliyotumika ya 4.7. Mkienda kutafuta Nairobi, katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, chukueni pinioni ya zamani mfukoni, na hesabuni meno kwa macho yenu wenyewe. Habari ya mbio iacheni. Gari la maziwa na viazi halishindani na mtu.

Kazi ikiisha, endesheni polepole bila mzigo mzito kwa kilomita mia chache za kwanza, kisha mmwage mafuta na kutia mapya, kwa maana gia na beringi mpya huacha vumbi la chuma.

Neno la mwisho ni la kalamu, na sisi makarani tunalipenda. Gari la watu wengi liwe na daftari lake. Andikeni tarehe ya kutia mafuta, kilomita zilizosomwa, namba zilizochorwa katika gia, jina la fundi na fedha alizolipwa. Difu ikinguruma tena baada ya miezi, daftari litasema kama ni uzee, au ni kazi mbovu, au ni mafuta yaliyosahauliwa, na hapatakuwa na ugomvi baina ya jirani. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwaherini mpaka juma lijalo.